Salamu za Fundi Ndimbo

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwamba naogopa, hapana. Kutaja jina la nchi ni kazi ya Idara ya Matamko, nami niko Idara ya Ubora, na kwetu mtu haingilii kazi ya mwenzake. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina bendera, ina milima miwili, na kwa miaka minne mfululizo imeongoza bara zima kwa ubora na utofauti wa blogu za siasa za watu wa kawaida. Tuzo zenyewe zipo, kwenye kabati la kioo pale mapokezi. Kabati lina kufuli mbili.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kabla ya Sheria kila mtu aliandika alivyotaka. Kinyozi aliandika kuhusu deni la taifa. Mwalimu wa chekechea aliandika kuhusu mipaka. Kulikuwa na mama mmoja mkaanga samaki aliyekuwa na blogu ya kuchambua hotuba za mawaziri, na watu elfu kumi na moja walikuwa wanaifuata, eti kwa sababu anachekesha. Hakuna aliyemkagua, hakuna aliyejua ana cheti gani. Ilikuwa vurugu tupu, na watu, kwa kukosa uongozi, walikuwa wanaipenda.

Siku moja Mkuu wa Nchi, Mlezi wa Mitandao Yote, aliletewa simu akasoma blogu kumi huku anakunywa chai. Wasaidizi wake walikuwa wamejiandaa kumtuliza kwa matusi aliyotukanwa humo. Lakini yeye, kwa moyo wake mpana, matusi hakuyaona. Alichokiona ni alama za mkato. "Wananchi wangu wanaandika vibaya," alisema, na taarifa rasmi inasema machozi yalimlengalenga. "Na wote wanasema jambo lile lile." Jambo lenyewe taarifa haikulitaja. Wiki hiyohiyo Bunge likapitisha Sheria ya Ubora na Utofauti wa Maoni kwa kura zote, na mbunge mmoja alipiga mbili kwa furaha.

*

Ubora ni rahisi kuueleza. Andiko lisipungue maneno mia tatu. Liwe na takwimu moja ya serikali, hata kama haihusiki. Na kuna Kanuni ya Tisa, ambayo ndiyo niliyoipenda kuliko zote: kila mtu anayetajwa katika andiko atajwe kwa jina kamili, kazi yake na mahali anapoishi, ili msomaji asibabaike. Sisi wakaguzi tunasahihisha na kutoa alama. Blogu ikipata chini ya hamsini mara mbili inapumzishwa. Mwenyewe naye anapumzishwa.

Utofauti ulitaka akili zaidi. Mwananchi akija kujisajili anapangiwa maoni yake, maana ukiwaacha wachague watarundikana upande mmoja. Katika kila mia, sitini Wanaunga Mkono. Ishirini na watano Wanaunga Mkono kwa Machozi. Kumi Wanaunga Mkono ila Wana Ushauri. Watano Wanapinga. Yule mama wa samaki alipangiwa kwenye Machozi. Akajaribu wiki mbili, akatushukuru, akarudi kwenye kikaango chake.

Wale watano tuliwatunza kama mboni ya jicho. Bila wao mia haitimii, na wageni wanaotoa tuzo, wakishavua makoti tu, huuliza, "Wapinzani wenu wako wapi?" Tunawaonyesha: hawa hapa, benchi la tatu, wana vitambulisho. Kila robo mwaka tuliwapa Semina ya Kupinga kwa Ustaarabu, na maandazi.

*

Kati ya watano hao hakuna aliyemfikia Athumani Ndimbo. Alikuwa fundi wa redio Mtaa wa Mabati. Watu walipoacha kununua redio, akafungua blogu, akaiita Redio Mbovu. Aliandika kuhusu pampu ya maji ya mtaani kwao, iliyozinduliwa na mawaziri watatu, kila mmoja kwa siku yake na utepe wake, na ambayo haijawahi kutoa hata tone. Kuhusu pampu hiyo moja aliandika maandiko mia moja na arobaini na moja. Mimi ndiye nilikuwa mkaguzi wake, na nakiri nilikuwa nasubiri Jumatatu nimsome. Lakini sikumpa zaidi ya sitini na nne, kwa sababu ya kosa moja alilokataa kuliacha. Alikuwa anatuma salamu.

Wa umri wangu wanakumbuka vipindi vya salamu redioni: mtu anajaza kadi, mtangazaji anasoma majina ishirini, halafu ujumbe, halafu wimbo. Fundi Ndimbo alihamishia mchezo huo kwenye blogu ya siasa. Anamaliza kumchambua waziri, halafu anaandika: "Salamu zimfikie mwenye baiskeli isiyo na breki. Zimfikie Bibi Mchicha wa kona. Zimfikie Mzee Sijalala, na wale mapacha wasiopatana, na mpishi wangu. Ujumbe: maji bado, ila tupo."

Sasa tazama. Watu watano au sita wanatajwa, na hakuna hata mmoja mwenye jina. Nilimwandikia barua nikamkumbusha Kanuni ya Tisa. Nikamwandikia ya pili. Akanijibu kwa mstari mmoja: "Ndugu mkaguzi, wenyewe wanajijua." Nilimwona mkaidi. Nikamkata alama tano nyingine.

Jengo letu lina ghorofa saba, na lifti inaishia ya sita. Hilo halikuwa siri, kila mtu anaweza kuhesabu madirisha. Andiko la mia moja na arobaini na mbili la Fundi Ndimbo halikugusa pampu kabisa. Lilikuwa na swali moja: "Wale wanne wa blogu zilizopumzishwa, walioitwa semina ghorofa ya saba, semina yao inaisha lini?" Nilimpa thelathini na nane, maana maneno hayakufika hata mia.

Jumatatu iliyofuata naye akaletewa mwaliko. Alikuja na shati lililopigwa pasi na daftari jipya. Mimi mwenyewe nilimwonyesha ngazi. Nilimwambia, "Fundi, andika kila watakachosema." Akanitazama kidogo, akasema, "Haya, ndugu mkaguzi," akapanda. Ni mwezi wa nane sasa. Semina inaendelea.

*

Wapinzani wakabaki wanne katika mia, na wageni wa tuzo walikuwa wamekwisha kukata tiketi. Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Profesa Kilumbe, aliniita.

"Kijana," alisema, ingawa amenizidi mwaka mmoja, "taifa linapungukiwa na mpinzani. Unalichukuliaje jambo hilo?"

"Kwa uchungu, Mheshimiwa."

"Vyema. Uchungu ni mwanzo wa uwajibikaji. Mwananchi Ndimbo yumo katika kuboreshwa, na kuboreshwa hakuna haraka. Je, ni haki wasomaji wake wakae bila maoni yake eti kwa sababu hayupo kuyatoa?"

"Si haki, Mheshimiwa."

"Basi utayatoa wewe. Unamjua kuliko anavyojijua."

Nikaanza kuandika Redio Mbovu. Sitajisifu, ila ilikuwa blogu bora kuliko ilivyowahi kuwa. Niliipinga serikali kwa aya zilizonyooka, nikaipiga vijembe pampu kwa takwimu. Salamu nikazifuta. Alama nilijipa mwenyewe, kama utaratibu unavyoruhusu, na sikujipendelea: tisini na saba. Wageni wakaja, wakasomewa, wakapiga makofi. Mmoja aliuliza kama anaweza kumwona mwandishi. Profesa akamwambia mwandishi yuko masomoni.

*

Jumatano moja akaja mwanamke dirishani kwangu, dirisha namba tatu. Mama wa makamo, kanga imefungwa vizuri kiunoni, mikono ina alama za kuungua. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi.

"Shikamoo hatupeani, umri wetu haupishani sana," alisema. "Mimi ni Mwanaheri, mke wa Fundi Ndimbo. Namtaka mume wangu."

"Mama, hapa ni Ubora. Watu hatuna, tuna maandiko."

"Hata huko nilikoulizia wameniambia njoo hapa."

Nikamgeuzia kioo cha kompyuta. "Mbona yupo mama. Tazama, ameandika leo asubuhi. Kampinga waziri wa maji vibaya mno."

Akasoma. Alisoma polepole, kidole hewani, mpaka chini kabisa. Akapekua tena juu, akateremka tena chini.

"Huyu siye," alisema.

"Kwa nini siye?"

"Hajamsalimia mtu."

Nikamweleza kwamba salamu si maoni ya kisiasa na zinashusha kiwango. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akacheka, kicheko kifupi kisicho na raha. "We baba wewe. Unadhani pale mtaani kuna mtu anasoma habari za waziri? Pampu tunaiona, ipo pale, kavu. Watu wanafungua simu wanashuka moja kwa moja kwenye salamu. Wanatazama kama wametajwa. Ukitajwa unajua fundi amekukumbuka, na wewe u mzima na yeye mzima. Sasa ni miezi mtaa mzima haujasalimiwa. Unafikiri sisi tunadhani nini?"

Aliondoka, akarudi Jumatano iliyofuata, na nyingine. Hakupiga kelele. Alikaa benchi la wapinzani, kwa sababu siku hizi lilikuwa na nafasi, na saa nane alinyanyuka akaenda zake. Nilimwonea huruma, nalisema waziwazi. Nilitaka afurahi. Sikutaka kingine.

Jumatano ya tano nikamwita dirishani.

"Mama, salamu zinarudi. Nitajie watu wake."

Akashika ukingo wa dirisha. "Ni yeye amekutuma?"

Hapo ndipo ningeweza kusema lingine. Nikasema, "Ndiyo, mama."

Jamani, uso ule. Sijawahi kumpa mtu kitu kikapokelewa vile. Alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akaanza: mwenye baiskeli isiyo na breki, Bibi Mchicha wa kona...

"Ngoja mama. Mwenye baiskeli, jina lake kamili?"

"La nini? Mume wangu hajawahi kuyaandika majina yao."

"Ni Kanuni ya Tisa. Jina, kazi, anapoishi. Bila hivyo haitoki."

Akasita. Niliona kabisa anasita. "Alisema wenyewe wanajijua," alisema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo sababu yuko semina, mama. Ameboreka."

Halafu, kwa kuwa ni mume wake aliyeomba, akataja. Mwenye baiskeli ni Zuberi Mkumba, fundi cherehani, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Bibi Mchicha ni Leokadia Nyoni, mkulima wa bustani za bondeni. Alitaja watu kumi na saba. Nilizipiga herufi moja moja, nikamsomea, naye akanisahihisha pale nilipokosea nyumba.

"Na mpishi wangu?" niliuliza.

"Huyo ni mimi." Aliinama akatabasamu kama msichana. "Lakini hilo liache lilivyo. Miaka ishirini na sita ananiita hivyo."

Nikaliacha. Nilivunja Kanuni kwa ajili yake, mara moja tu katika utumishi wangu, na nilikwenda nyumbani nikijiona mtu mwema.

Mtaa ulilipuka kwa furaha. Chini ya andiko watu waliandika maoni mia mbili na zaidi. "Fundi yu hai!" "Zuberi hapa, salamu zimefika, urudi unidai kofia yako." "Leo umetutaja kwa majina ya shuleni, umekuwa msomi!" Bi Mwanaheri aliniletea mbaazi za nazi kwenye bakuli lenye kifuniko. Nilizila zote.

*

Siku tisa baadaye aliteremka Bwana Mchili wa ghorofa ya saba. Sijawahi kusikia akipaza sauti. Ni mpole mno, na muda wote ana pipi ya mnanaa mdomoni. Alivuta kiti akakaa karibu yangu.

"Nimekuja kukushukuru, ndugu yangu," alisema. "Miezi mitano tunamwuliza yule fundi swali moja tu, watu wako ni kina nani. Hakutaja hata mmoja. Tumemwuliza kwa kila namna, ndugu yangu. Kwa kila namna. Wewe umewapata wote kumi na saba, na makazi, kwa bakuli la mbaazi."

"Ni salamu tu," nilisema.

"Ndiyo. Tulimwonyesha. Akaona zimeandikwa katika blogu yake mwenyewe, chini ya jina lake. Akauliza kazitoa nani. Tukamwambia ukweli, mke wako."

"Akasema nini?"

"Tangu siku hiyo hali chakula." Akaihamishia pipi shavu la pili. "Wale kumi na saba wamekwisha kualikwa. Ila kuna dosari ndogo ya ubora. Hapa mwisho, 'mpishi wangu'. Huyu ni nani?"

Ilikuwa Jumatano. Bi Mwanaheri alikuwa amekaa benchini, hatua kumi kutoka dirishani kwangu, bakuli mapajani.

"Nadhani mnamfahamu," nilisema.

"Tunamfahamu sana. Tunamwona pale kila wiki. Lakini hajatajwa, na sisi si wahuni. Hatumwaliki mtu ambaye hajatajwa kwa maandishi. Hii ni nchi ya sheria." Akanisogezea kibao cha herufi kwa vidole viwili. "Malizia kazi yako tu."

Nataka nieleweke. Hakunitishia. Hakukuwa na bastola, hakukuwa na kofi. Kulikuwa na Kanuni ya Tisa, iliyobandikwa ukutani mbele yangu, na kulikuwa na kosa ambalo kweli nilikuwa nimelifanya. Nilitazama nje ya dirisha. Bi Mwanaheri akaona namtazama, akainua bakuli kidogo kunionyesha kwamba leo ameleta tena.

Nikafuta "mpishi wangu". Nikaandika: Mwanaheri binti Salehe Mngoya, mpishi wa shule, Mtaa wa Mabati, nyumba yenye mlango wa bluu.

"Ahsante," alisema Bwana Mchili. Akatoka, akamwinamia pale benchini, nikamsikia anamwambia, "Twende mama. Mume wako yuko juu, anakusubiri."

Bi Mwanaheri aliruka kama amechomwa. Alikuja mbio dirishani, akaliweka bakuli mbele yangu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mungu akulipe, baba," alisema. "Mungu akulipe. Nilijua wewe una utu moyoni." Halafu akaelekea kwenye ngazi, akazipanda mbili mbili, akimwacha Bwana Mchili nyuma.

Bakuli sikulifunua.

*

Mwaka huu tumechukua tuzo ya nne. Katika hotuba yake Profesa Kilumbe alisema ubora wetu umefika asilimia mia na utofauti asilimia mia na mbili. Wageni, waliporudi kuikabidhi, walivutiwa hasa na Redio Mbovu. Walisema zile salamu za mwishoni zina utu, kwamba katika blogu zote walizosoma duniani hawajaona mpinzani anayependa majirani zake kiasi kile. Waliomba ziendelee kila wiki.

Mtaa wa Mabati nilipita Jumapili. Cherehani ya Zuberi iko barazani, imefunikwa gunia. Bondeni mchicha umeota mpaka umetoa mbegu, hakuna aliyeuchuma. Chini ya andiko la mwisho hakuna maoni hata moja. Ninaandika, ninajipa alama, na hakuna anayesoma isipokuwa mimi na watu wa juu.

Asubuhi ya leo Profesa alipitia mezani kwangu. Nilimwambia majina yamekwisha, Mheshimiwa, sina tena wa kumsalimia.

"Kijana," alisema, akaniwekea mkono begani, "salamu zisikatike. Taifa linatazamwa. Kama wake wamekwisha, tumia wako."

Wakaguzi wenzangu wote waliinamia kazi zao. Nimekaa hapa tangu alipoondoka. Naogopa, sikujua kwamba nitaliandika neno hilo, lakini ndivyo nilivyo, nakosea hata herufi. Nimetafuta kichwani mwangu mtu nisiyempenda, nimtaje huyo, na nimegundua kwamba watu nisiowapenda siwajui majina kamili. Wale ninaowajua majina, kazi na nyumba ni wachache, na yule ninayemjua kuliko wote ndiye aliyenizaa.

Jina la mama yangu, msomaji, usiniulize. Nimejifunza angalau hilo. Lakini Bwana Mchili amekwisha kuteremka, amevuta kiti, amekaa ubavuni kwangu na pipi yake, anasubiri kwa upole. Kwenye kioo pameandikwa "Salamu zimfikie", na baada ya hapo herufi mbili za kwanza nimekwisha kuzipiga.